Wiki kumi na moja za mkate

Mwezi wa Mei 2023 niliacha kula ngano, na baada ya wiki tatu nikawa mtu mwingine. Tumbo lililokuwa likivimba kila jioni kama la mja mzito likalala. Vidonda vya mdomoni vikakauka. Nikaweza kupanda ngazi za nyumba yetu hapa Coventry bila ya kusimama katikati kutafuta pumzi. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na rafiki yangu aliyenishauri, nikaona mambo yamekwisha. Kumbe nilikuwa nimefanya kosa ambalo kulirekebisha kulinichukua wiki kumi na moja za kula mkate unaoniumiza, kwa makusudi, huku nikijua unaniumiza.

Naandika kwa sababu watu wengi sasa wananitumia ujumbe wa sauti, kutoka Unguja, Dar, Mombasa, hata Muscat. "Tumbo linanisumbua, nimesikia wewe uliacha ngano ukapona, na mimi nimeacha." Nikisikia hilo neno la mwisho moyo hunipasuka. Kuacha ngano si vibaya kwa anayestahili kuiacha. Tatizo ni kuiacha kabla hujatolewa damu kupimwa siliaki, ugonjwa ambao ngano humharibu mtu utumbo.

Nilizaliwa Wete, Pemba. Kwetu asubuhi tulikula muhogo wa kuchemsha au uji wa mchele, mchana wali, usiku kilichobaki. Boflo, mkate wetu wa ngano, lilikuwapo, na maandazi, lakini hatukuyategemea. Sikumbuki kuugua tumbo kwa namna ya kutisha. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa mwembamba kuliko ndugu zangu wote, na kwamba tumbo likinikamata Mama alisema ni chango, akanichemshia mizizi nikanywa. Mwaka 2019 nikaja Uingereza kumfuata mume wangu, na huku ngano ndiyo ikawa chakula chenyewe. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku. Usiku wa manane kinacholika ni sandwichi, biskuti, na kipande cha keki alichobakisha mtu.

Baada ya kujifungua mtoto wa pili, mwaka 2021, damu ikashuka. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Nikavimeza miezi minane, damu ikapanda kidogo, nilipoviacha ikarudi kule kule. Tumbo likawa linajaa gesi, linanguruma, siku tatu naharisha, siku nne sipati choo. Simu za nyumbani zote ziliniambia nina vidonda vya tumbo, kwa sababu kwetu kila tumbo la mtu mzima ni vidonda vya tumbo. Mama alirudi kwenye chango lake. Shangazi mmoja alinong'ona kwamba ni jicho la watu.

Aliyenitajia ngano ni mwenzangu kazini, ambaye dada yake ana ugonjwa wa siliaki. Akanieleza kwa ufupi, nami nikakimbilia sehemu niliyoitaka: acha ngano upone. Sikumwuliza dada yake alipimwa vipi na lini. Nikaacha.

Mwezi wa Septemba 2023, nikiwa nimenawiri, nikasema sasa niende hospitali wanithibitishie. Nikatolewa damu. Hakuna aliyeniuliza ninakula nini. Majibu yakaja: hasi. Nikaambiwa sina siliaki, nina tumbo linalochokozeka upesi, nipunguze mawazo. Nilitoka pale nimechanganyikiwa. Kama sina, mbona sambusa moja ya arusini inanilaza siku mbili? Nikaanza kujishuku mwenyewe. Labda ni kweli ni mawazo. Labda Mama ana haki na chango lake.

Januari 2024 nilikwenda tena hospitali kwa ajili ya ule upungufu wa damu, nikamkuta daktari mwengine, mwanamke, ambaye alisoma faili langu tangu mwanzo kabla hajaninyanyulia uso. Kisha akauliza:

"Septemba ulipotolewa damu, ulikuwa unakula mkate?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba nilikuwa sijagusa ngano miezi minne. Akaweka kalamu chini. Akasema kipimo kile hakina maana yoyote, si kwamba kilidanganya, bali kiliulizwa swali ambalo hakikuwa na njia ya kulijibu.

Alivyonieleza, na nilivyokuja kusoma baadaye, ni hivi. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Kwa mwenye siliaki, gluteni ikifika katika utumbo mwembamba kinga ya mwili huishambulia, na katika vita hivyo huushambulia utumbo wenyewe. Ukuta wa utumbo una vijidole vidogo mno, mfano wa manyoya ya zulia, ndivyo vinavyofyonza chakula. Vita vikiendelea vijidole hivyo husinyaa, chuma kikapita bila ya kufyonzwa, ndiyo maana vidonge vyangu vilikuwa kama maji katika pakacha. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza wakati wa vita hivyo. Kamera ya tumboni, inayopitishwa kooni, pamoja na vinyama, yaani vipande vidogo vya utumbo vinavyochukuliwa kupimwa, huangalia vijidole. Ukiacha gluteni vita husimama. Kingamwili hupungua mwezi hadi mwezi, vijidole huanza kuota upya. Hilo ndilo tunalolitaka, lakini ndilo hilo hilo linalofuta ushahidi. Aliyekulia pwani anajua: ukitaka kumwonesha mtu nyayo za mwizi mchangani, mpeleke kabla maji hayajajaa.

Mimi nilisubiri maji yakajaa, kisha nikamwita mtu aje atazame.

"Sasa nifanyeje?" nikamwuliza. Akasema mwongozo wa hapa Uingereza unataka mtu awe amekula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja, kila siku, kwa muda usiopungua wiki sita, ndipo atolewe damu. Nikacheka, nikidhani sikuelewa vizuri Kiingereza chake. Alikuwa anamaanisha.

Nyumbani, mume wangu alikataa katakata. "Kama umepona, kwa nini ujirudishe?" Aliuliza kwa mapenzi, maana yeye ndiye aliyekuwa akiniona usiku nimekunja magoti. Tulilizungumza siku nne. Nayaeleza mazungumzo hayo kwa urefu kwa sababu kila anayefikia hapa atayapitia, na wengi huishia hapa hapa.

Hoja yake ilikuwa nyepesi: dawa ya siliaki ni kuacha gluteni, na mimi nimeshaacha, basi jina la ugonjwa la nini? Mimi nilimwambia kwamba sijaacha. Nimepunguza. Mtu asiye na jina la ugonjwa hula sambusa ya arusini kwa kuona haya kumkataa mwenye shughuli. Hutia mchuzi wa soya katika wali bila ya kujua kwamba mara nyingi una ngano. Hukaanga samaki katika mafuta yaliyokwisha kukaangiwa katlesi zilizopakwa chenga za mkate. Kwa mwenye siliaki, hata kidogo hicho kinaendeleza vita kimya kimya, na baadaye mifupa hudhoofika, na damu haikai. Bila ya jina, hospitali haitanipima mifupa, haitanifuatilia damu kila mwaka, wala haitamwangalia mtoto wangu tumbo likimuuma. Na kubwa kwangu: ugonjwa huu unakwenda katika damu ya ukoo. Mzazi, ndugu au mtoto wa mwenye siliaki ana uwezekano wa karibu mmoja katika kumi wa kuwa nao. Nina mama mwenye upungufu wa damu usiokwisha, nina mdogo wangu wa kike aliye kama mimi. Nani atakwenda kupimwa kwa sababu ya "dada yetu hapatani na ngano"?

Siku ya nne akasema, "Haya. Lakini uandike kila kitu." Akaninunulia daftari.

Nilianza Jumatatu ya 29 Januari. Nilikuwa nimepiga hesabu: wiki sita zinaishia Jumapili ya 10 Machi, na Ramadhani inatarajiwa kuingia kesho yake. Nitakula mkate Rajabu na Shaabani, nitolewe damu, nianze mfungo na tumbo langu lililotulia. Hesabu nzuri, na ilikuja kuharibika.

Swali la kwanza lilikuwa kiasi gani. "Kula kama kawaida" haitoshi, kwa sababu kawaida ya mtu na mtu hazifanani. Mtaalamu wa lishe aliniambia nihesabu vipande vinne vya mkate wa kawaida kwa siku, viwili asubuhi na viwili jioni. Kipande kimoja kina takriban gramu mbili za gluteni. Nikauliza kama haiwezekani kufupisha. Akanitajia utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliowapa watu wazima 20 wenye siliaki gluteni kwa siku 14, wengine gramu 3 tu kwa siku. Utumbo wa wengi wao ulionesha mabadiliko ndani ya wiki mbili hizo. Lakini kingamwili za damu zilikuwa hazijapanda sana siku ya 14. Zilipanda zaidi siku ya 28, wakati walikwisha kuacha kula. Kwa hiyo wako madaktari, hasa Marekani, wanaoruhusu gramu 3 kwa wiki mbili, wakirefusha hadi nane mgonjwa akimudu. Mimi nilichagua kumaliza sita. Sikutaka jibu la nusu kwa mara ya pili.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu, na lazima niiseme. Nilipika chapati mwenyewe, za kusukuma, zenye tabaka. Miezi minane sikuionja. Nilikula ya kwanza nimesimama jikoni, machozi yakanitoka kwa utamu wake, na mtoto wangu mkubwa akaniuliza, "Mama, si ulisema inakuumiza?"

Siku ya tatu jioni nikapata majibu ya swali lake.

Daftari la wiki ya kwanza limejaa neno "gesi". La wiki ya pili limejaa neno "choo". Wiki ya tatu sikuandika mambo ya tumbo sana. Niliandika kwamba nimemkemea mtoto kwa kikombe cha maziwa, kwamba nimelia ndani ya basi nambari ile ile ninayopanda kila siku, kwamba kichwa kina ukungu na nimesahau jina la mzee ninayemwogesha kila usiku. Sikuwa nimejua kwamba huzuni yangu ya miaka miwili iliyopita ilikuwa na uhusiano na tumbo. Niliijua baada ya kuiona inarudi.

Kazini nilimwambia msimamizi wangu ukweli wote, na nashauri kila mtu afanye hivyo kabla ya kuanza. Alinibadilishia sehemu ya kazi, nikawa karibu na choo. Nikabeba nguo ya kubadilisha katika mkoba. Hayo ni mambo ambayo watu wanaona haya kuyaandika, lakini mtu anayeingia wiki hizi anayahitaji kuliko maneno makubwa.

Wiki ya nne nilitaka kuacha. Nilikaa kwenye sofa ya zamu, saa tisa za usiku, vipande viwili vya mkate mbele yangu, na mkono haunyanyuki. Kilichonisukuma usiku ule ni habari niliyoisoma ya daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliyekuwa na hospitali ya watoto mjini The Hague. Watoto wenye siliaki walikuwa wakikonda, wengine wakifa, na hakuna aliyejua chakula gani kinawadhuru. Tangu miaka ya 1930 yeye alikuwa akiishuku ngano. Kisha ikaja baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, watu wakila hadi vitunguu vya maua ya tulipu kwa njaa. Mkate ukapotea. Na watoto wake wagonjwa, katika njaa ile iliyowaangamiza wengine, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake Utrecht, na tangu hapo dunia ikajua ni ngano.

Mimi nilichokiona ni pale mkate uliporudi. Nafuu peke yake ingeweza kuitwa kitu chochote, bahati au dua au hewa njema. Ugonjwa kurudi pamoja na mkate ndio uliomnyooshea kidole mkosaji. Nikala vile vipande viwili.

Tarehe 11 Machi, funga ya kwanza, nikatolewa damu. Muuguzi aliniuliza mara mbili kama niko sawa na njaa. Safari hii walipima kingamwili inayotafutwa kwanza, na pia jumla ya kingamwili za jamii hiyo mwilini mwangu, maana wako watu ambao mwili wao hautengenezi za kutosha kwa maumbile, na hao kipimo huwatolea hasi ya uongo hata wakila mkate mzima kwa siku. Nilifurahi kwamba nilijua kuuliza.

Majibu yakaja baada ya wiki: chanya, mara kadhaa juu ya kiwango. Nilisujudu. Nisieleweke vibaya, sikufurahia ugonjwa. Nilifurahi kwamba sikuwa nimejitungia. Nikapiga simu Pemba, Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, miaka yote ile nilikunywesha mizizi bure." Nikamwambia hapana Mama, ulinitibu kwa ulichokijua.

Jioni ile nikafunga mkate katika mfuko niutoe nje. Nilikuwa nafanya kosa lile lile mara ya pili. Kwa bahati muuguzi alipiga simu kunipa tarehe ya kamera, na kabla ya kukata akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo: "Uendelee kula gluteni mpaka siku hiyo." Siku yenyewe ilikuwa 16 Aprili. Idd ilikuwa 10 Aprili. Maana yake Ramadhani nzima.

Nina neno hapa kwa wauguzi na madaktari wanaonisoma, wa huku na wa nyumbani. Ile sentensi moja, "uendelee kula mpaka kamera", au ile nyengine, "je, unakula ngano?", inachukua muda mfupi kuliko kufunga mpira mkononi mwa mgonjwa. Mimi ilinikosa mara moja ikanipotezea miezi minne na ushee, na karibu inikose tena. Iandikwe juu ya karatasi ya kuombea kipimo. Isiachiwe kumbukumbu ya mtu aliyechoka.

Ramadhani ile niliifunga kwa taabu. Futari nilianza kwa tende na maji, kisha tambi na mkate wa ajemi, daku vipande viwili vya mkate na chai. Nilikula siku saba kwa kuharisha, nikazilipa mwezi wa Juni. Niliuliza kwanza, nikaambiwa na daktari na pia na mwalimu wa msikiti wetu kwamba mgonjwa ana ruhusa, na nikaona ugumu wa kuikubali ruhusa ile kuliko ugumu wa njaa.

Idd tulikwenda Leicester kwa shangazi yangu. Alikuwa amepika boko boko. Asiyelijua ni ngano nzima na nyama, hupikwa saa nyingi, husongwa mpaka ngano na nyama vikawa kitu kimoja kinachovutika, halafu samli juu. Kwetu ni chakula cha Idd na cha arusi, na harufu yake kwangu ni harufu ya baba yangu marehemu akirudi kusali na kanzu mpya. Nilijua kwamba baada ya siku sita sitalila tena maishani. Nilikula sahani kubwa, taratibu, kijiko kwa kijiko. Shangazi alikuwa ameshaambiwa. Hakunikataza, hakunihimiza. Alikaa pembeni yangu mpaka nikamaliza, akachukua sahani akaenda kuiosha yeye mwenyewe.

Kamera yenyewe haina mengi. Unakaa na njaa saa kadhaa kabla, wanakupulizia dawa ya ganzi kooni, ukitaka wanakuchoma sindano ya kukutuliza. Nilichagua dawa ya kooni tu, ikanitisha dakika mbili za kuhisi siwezi kumeza, kisha ikapita. Walichukua vinyama kutoka mwanzo wa utumbo mwembamba, zaidi ya kimoja kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa sehemu hii ukawa haupo pale. Sikusikia maumivu. Nilipotoka mume wangu alikuwa na chupa ya uji wa mchele. Uji ule nilihisi ni wa Wete.

Majibu: vijidole vimesinyaa. Siliaki, bila ya shaka.

Kuna niliyojifunza ambayo lazima niyaseme kwa watakaotaka kufanya kama mimi. Kula gluteni kwa makusudi si jambo la kila mtu kulianza chumbani mwake. Mtu ambaye ngano inamvimbisha midomo, inambana pumzi au inamtoa mabaka ya ghafla ana mzio wa ngano, ambao ni ugonjwa mwengine, na kwake jaribio hili linaweza kumuua. Mtoto mdogo, au anayebalehe na kurefuka, asirudishiwe gluteni ila mtaalamu wa watoto amesema, na mja mzito vile vile azungumze kwanza na daktari wake. Na kwa asiyeweza kabisa kustahimili, kuna kipimo cha vinasaba ambacho hakijali umekula nini. Karibu wagonjwa wote wa siliaki wana moja katika aina mbili za vinasaba, kwa hiyo ukikosa zote mbili, ni karibu hakika huna ugonjwa. Ukiwa nazo hujathibitika, maana hapa Ulaya kiasi cha theluthi ya watu wanazo na wengi wao hawaugui kamwe. Laiti ningekijua mapema.

Wiki moja baada ya majibu, mdogo wangu akanipigia kutoka Unguja. Yeye ni mwalimu wa skuli, na damu yake ina historia ile ile ya vidonge visivyosaidia. Alikuwa na furaha. "Dada, na mimi nimeacha ngano tokea jana!"

Nilipiga ukelele mpaka watoto wakatoka chumbani. "Rudi! Kale chapati sasa hivi!"

Akadhani ninamtania. Nikamweleza yote tangu mwanzo, dakika hamsini. Akaelewa, lakini aliponitajia anachokula nikaona kazi bado ipo. Asubuhi vitumbua, jioni mkate wa kumimina, siku za Ijumaa mkate wa mofa anaoletewa na jirani. Vyote alivihesabu kuwa mkate. Nikamwambia vitumbua na mkate wa kumimina ni mchele, mofa wa jirani yake ni mtama, havihesabiki hata kimoja. Muhogo na ugali pia havimo. Urojo una unga wa ngano katika rojo lake lakini huwezi kujua kiasi. Achukue boflo, achukue maandazi na chapati, ale asubuhi na ale jioni, na siku asiyokula aiandike.

Kisha nikamwambia asianze kuhesabu wiki kabla hajajua kipimo anakifanya wapi. Hilo ni la muhimu zaidi kwa walioko nyumbani, kwa sababu kipimo hiki hakipo kila mahali, na si rahisi kwa bei. Alizunguka, mwisho maabara moja Dar es Salaam ikakubali kutoa damu na kuipeleka nje ya nchi kupimwa. Tukachanga fedha ndugu watatu. Ilipokuwa fedha ipo na siku imepangwa, ndipo akaanza wiki zake sita, akipishana na Mama ambaye kila akimwona na boflo alimwambia, "Dada yako kakatazwa, wewe unakula mbele yangu?"

Kila asubuhi alinitumia picha ya sahani. Sikumwomba. Maandazi mawili na maharage. Chapati na mchuzi wa pweza. Boflo na chai ya maziwa. Wiki ya tatu picha zikaanza kuja zimechelewa, na chini yake maneno: tumbo, dada. Wiki ya tano akaandika, "Sasa nimekufahamu ulikuwa unasema nini." Nilimjibu kwa sauti, nikamsomea kurasa mbili za daftari langu, zile za wiki ya nne.

Jana asubuhi picha ilikuja mapema kuliko siku zote, saa kumi na moja na nusu za kwao, taa ya jikoni bado inawaka. Chapati mbili juu ya sahani ya bati, moja imeshamegwa. Chini ameandika: "Boti ya saa moja. Saa nne natolewa damu. Hii ya pili naimaliza njiani."